Ndege Kumi kwa Kumi Si Usawa

Kuna imani iliyoota mizizi kwa wanaotunga michezo ya vita ya mezani: pambano la haki ni lile ambalo kila upande umepewa ndege sawa, mizinga sawa, meli sawa. Naipinga, na ushahidi wangu uko hapa hapa Mwanza.

Machi 29, 1979, Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda vikiwa vimeshaingia ndani kabisa ya Uganda, ndege ya Libya, mshirika wa Uganda, aina ya Tupolev Tu-22 ilikuja kulipua maghala ya mafuta ya Mwanza. Mabomu yakayakosa maghala, yakaangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane. Swala wakafa, mfanyakazi mmoja akajeruhiwa. Aprili 1 ndege zetu zikajibu kwa kupiga maghala ya mafuta ya Kampala, Jinja na Tororo.

Mpe mtunzi wa hesabu sawa tukio hilo. Ataongeza Tu-22 ziwe sita, aweke MiG sita za kuzizuia, kisha atangaze kwamba mizani imelingana. Hiyo ni drafti. Kwenye drafti kete zote zinaonekana na adui anatoka upande mmoja. Mlinzi wa Mwanza alitazama ziwa lililo wazi, bila kujua saa wala njia, huku bandari, uwanja wa ndege na maghala vyote vikihitaji mizinga. Hata kumtambua rafiki kulikuwa kazi: katika vita hivyo hivyo, ndege zetu zilidunguliwa na walinzi wetu wenyewe karibu na Musoma.

Usawa hutungwa kwenye masharti ya ushindi. Mwenye ndege moja apate pointi maghala yakiungua, basi. Bomu likienda Saanane asipate kitu. Mlinzi apange mizinga kabla ya kujua adui atokako, na akatwe pointi nyingi akimpiga rafiki. Rubani akishuka alenge vizuri, mizinga imfikie. Akibaki juu, dadu ilipeleke bomu mbali. Hapo wote wawili wana jambo la kuumiza kichwa.

Tazama pia Kigoma. Juni 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ndege za Wabelgiji zinazotua majini ziliisaka Graf von Götzen, meli ya Wajerumani iliyokuwa kubwa kuliko zote katika Ziwa Tanganyika, ambayo mzinga wake mkubwa ulikuwa umeshang'olewa kwa ajili ya vita vya nchi kavu. Anayehesabu vipande angeipa meli ile nguvu isiyokuwa nayo. Mimi ningempa Mjerumani karata iliyofunikwa, mzinga upo au haupo, na pointi kwa kila siku meli inayoelea hadi Julai 26, siku Wajerumani walipoizamisha wenyewe.

Naambiwa hakuna atakayekubali kushika upande dhaifu. Atakubali, mradi mchezo wa pili wabadilishane pande na pointi zijumlishwe. Upande mmoja ukishinda kila mara, rekebisha muda, rekebisha pointi, ficha karata nyingine. Tu-22 iache ibaki moja.