Valentino wa kweli anatosha

Kila Februari, redio na mimbari za Afrika Mashariki hurudia kisa kilekile. Kaisari Klaudio wa Pili aliwakataza askari wake kuoa, padre mmoja wa Roma akawafungisha ndoa kwa siri, naye akakatwa kichwa tarehe 14 Februari kwa kosa hilo. Ni kisa kitamu, na wahubiri hukitumia kama wanavyokitumia wauza maua. Tatizo ni kwamba hakina ushahidi. Klaudio alitawala kuanzia mwaka 268 hadi 270, sehemu kubwa ya muda huo akiwa vitani na Wagothi, na hakuna amri yake ya kuzuia ndoa iliyowahi kupatikana.

Kinachojulikana ni kichache, lakini kina uzito. Mkristo aitwaye Valentino alizikwa kando ya barabara ya Flaminia, kaskazini mwa Roma, na karne ya 4 kanisa likajengwa kaburini pake. Simulizi za mateso yake, zilizoandikwa muda mrefu baada ya kifo, zinataja watu wawili wenye jina hilo: padre wa Roma na askofu wa mji wa Terni. Padre anamponya binti kipofu katika nyumba ya Asterius, na nyumba nzima inabatizwa. Askofu anamponya mwana wa Craton, mwalimu wa ufasaha. Wote wawili wanauawa kwa kumkiri Kristo. Katika simulizi hizo hakuna harusi ya siri wala barua ya mapenzi.

Upande wa pili wapo Wakristo wanaosema kwamba Siku ya Valentino ni ya kipagani. Hoja yao ni kwamba Papa Gelasio wa Kwanza aliigeuza Luperkalia, sikukuu ya Warumi ya tarehe 15 Februari, kuwa sikukuu ya Valentino. Ni kweli kwamba mwishoni mwa karne ya 5 Gelasio aliwakemea vikali Wakristo walioshiriki Luperkalia. Lakini katika waraka aliouandika kuwakemea hamtaji Valentino, wala haanzishi sherehe ya wapendanao.

Mapenzi yaliingia kupitia kwa washairi.

Katika miaka ya 1380, Geoffrey Chaucer wa Uingereza alitunga utenzi kuhusu ndege wanaokutana siku ya Mtakatifu Valentino ili kila mmoja achague mwenzi. Mtafiti Jack Oruch, katika makala yake ya mwaka 1981, alieleza kwamba hakuna maandishi ya kabla ya Chaucer yanayomhusisha mtakatifu huyo na wapenzi. Baada ya hapo desturi ilishika kasi. Februari 1477, Margery Brews wa Norfolk alimwandikia mchumba wake, John Paston, akimwita Valentino wake. Barua hiyo imehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza, London. Kati ya kifo cha shahidi na barua hiyo ilipita miaka zaidi ya elfu moja.

Kanisa Katoliki lenyewe lilikiri uchache wa habari hizi. Mwaka 1969 lilimwondoa Valentino katika kalenda yake ya jumla, na tarehe 14 Februari sasa huwakumbuka watakatifu Sirili na Methodi. Hata hivyo, jina lake limebaki katika orodha ya wafiadini. Huo ndio msimamo wa haki: kumheshimu mtu aliyeuawa kwa imani yake bila kumbandikia matendo ambayo hakuna anayeweza kuyathibitisha. Mhubiri anayewafundisha vijana hadithi ya kubuni kana kwamba ni historia anawanyima haki yao ya kuujua ukweli, na anayewatisha kwa Luperkalia anawakosea vilevile.

Mji wa Terni umeonyesha njia. Kila mwaka, siku hiyo inapokaribia, wachumba wanaotarajia kufunga ndoa hukusanyika katika basilika ya Mtakatifu Valentino na kuahidiana mbele ya Kanisa. Parokia na sharika za Afrika Mashariki tayari zina mafundisho ya ndoa. Hazihitaji bajeti kubwa ili Jumapili iliyo karibu na 14 Februari ziwasomee wachumba simulizi za Valentino kama zilivyo, ziwaombee, na kuwapa nafasi waliodumu katika ndoa kwa miaka mingi wawaeleze waliyopitia: ugonjwa, ukosefu wa kazi, malezi ya watoto na namna walivyosameheana.