Kutoka Ilala hadi Upanga, na kurudi
Nimesoma utafiti kuhusu makazi ya watu wa Dar es Salaam, na nashukuru mtafiti amemfuata mtu tangu utoto hadi uzeeni, kwani sensa humkuta pale alipolala usiku wa kuhesabiwa tu. Wakoloni waliugawa mji huu kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Serikali ilipotaifisha majumba mwaka 1971, baba yangu, mzaliwa wa Ilala, upande wa Uswahilini, alipangishwa na Msajili wa Majumba fleti Upanga, walikoishi Wahindi. Tulicheza gololi na watoto wa Kihindi ngazini, lakini harusini na misibani kila mtu alikwenda kwao. Majirani wengi baadaye walihamia Kanada. Baba alipofariki, mama alirudi Ilala kwa dada zake. Naomba wajane kama yeye wapewe sura yao katika utafiti huo: wanarudishwa walikotoka na kabila, kodi au ndugu? Kwa mama yalikuwa mapenzi ya ndugu, nina hakika.