Kompyuta Nzito? Ufagio Wenyewe Unaweza Kuwa Ndio Uchafu

Ukweli usemwe tu: programu ya kusafisha kompyuta inayokutaka uzime ulinzi wako ndipo iingie, hiyo haijaja kufagia. Imekuja kuiba.

Kuna mpiga picha wa harusi pale Mlandege, Iringa, mwenye jina lake mjini. Kompyuta ya nyumbani ikaanza kujikokota, mshikaji akamchomekea flashi yenye programu ya kusafisha iliyokrakiwa. "Zima kwanza Windows Defender, si unajua inasumbua." Akazima. Kesho yake picha na video zote za maharusi hazifunguki, na skrini inadai hela. Wajuaji mjini wakamcheka weeee!

Lakini hao wanaocheka ndio haohao wanaobonyeza tangazo la "Kompyuta yako ina matatizo 1,482!" Imejuaje ndani ya sekunde tatu? Mwaka 2019 huko Marekani, Office Depot na Support.com walikubali kulipa jumla ya dola milioni 35. Walidaiwa kwamba kipimo chao kilionyesha dalili za virusi kwa sababu tu mteja alijibu ndiyo kwenye maswali ya mwanzo, kama kompyuta yake imekuwa nzito. Yaani umesema kichwa kinauma, daktari hapimi damu, anaandika malaria na kukuuzia dawa!

Sasa mtu atasema, "Mi natumia yenye jina." Sawa. CCleaner ina jina, na mwaka 2017 wahalifu walipenyeza kirusi kwenye toleo lake halali, toleo ambalo kampuni yenyewe ilikadiria liliwafikia watumiaji milioni 2.27. Programu ya aina hii unaipa funguo za kila chumba, kwa hiyo kama huihitaji, usiiweke kabisa.

Na wengi hawaihitaji. Windows 10 na 11 zina Storage Sense humohumo ndani, bure. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi, uone nini kimejaza diski, kisha ufute mafaili ya muda. Ila kuwa makini na folda la Downloads, maana wengi wanatunza humo vitu vya maana. Kabla ya yote, nakili kazi zako kwenye diski ya nje, halafu ichomoe. Punguza na programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta ikiwaka. Ikibaki nzito na diski yake ni ile ya zamani ya kuzunguka, hela ya programu weka kwenye SSD. Hapo utaona tofauti.

Mtu hawezi kumkabidhi mgeni funguo za nyumba kwa sababu tu kaja na ufagio. Kwenye kompyuta yenye picha za familia, vyeti na paswedi za kurasa zake, anakabidhi bila hata kuuliza jina. Kwa nini?

Wewe yako ikiwa nzito unaanzia wapi? Funguka hapo chini.