Asilimia 48 ya Nani?

Msomaji wangu, wewe unayejifunza Kiswahili huku Jinja au Mbale, tuanze na kitenzi kimoja: kushiriki. Mtu akishiriki, huingia katika jambo kwa miguu yake mwenyewe. Akishirikisha, huwaingiza wengine. Akishirikishwa, yeye ndiye aliyeingizwa, na aliyemwingiza aweza pia kumtoa. Waandishi wa Kiswahili wanapozieleza sheria zinazozilazimu kampuni za mafuta kuwapa wenyeji ajira na zabuni, aghalabu huandika “ushirikishwaji wa wazawa”. Nomino hiyo imezaliwa na kauli ya kutendwa. Sarufi yake haina kosa. Kinachonikera ni kwamba katika nchi yetu neno hilo laweza kutimia kwa namna ambayo hakuna aliyeikusudia: jina la mwenyeji likaingizwa katika mkataba, naye mwenyewe akabaki nje ya lango.

Dai langu ni hili. Sheria ya kumlinda mwenyeji katika biashara ya mafuta tunayo, na si sheria mbaya. Inachokosa ni msimamizi anayeuliza, kabla ya kuhesabu mkataba wowote kuwa ni wa Waganda, ni nani hasa anayemiliki kampuni iliyoupata na fedha zake zinalala wapi.

Nikukumbushe historia kwa ufupi. Mafuta yenye kutosha biashara yalithibitishwa kando ya Ziwa Albert mwaka 2006. Bunge likapitisha sheria ya utafutaji na uzalishaji wa petroli mwaka 2013, na kanuni za ushiriki wa wananchi zikafuata mwaka 2016. Tarehe 1 Februari 2022, Kampala, kampuni ya TotalEnergies ya Ufaransa, CNOOC ya China na mashirika ya serikali za Uganda na Tanzania yalitangaza uamuzi wa mwisho wa kuwekeza zaidi ya dola bilioni 10. Tangu siku ile kazi zimekuwa nyingi: barabara, kambi, visima, na bomba la kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga.

Sasa tazama sheria inavyosema. Kifungu cha 125 cha sheria ile ya 2013, kama ilivyopitishwa, kinaitaka kampuni yenye leseni iwape kipaumbele wafanyabiashara wa Uganda. Bidhaa au huduma isipopatikana nchini, aitoe mgeni aliyeingia ubia na kampuni ya Uganda, nayo kampuni hiyo iwe na hisa zisizopungua asilimia 48. Ubia, kama tulivyosoma darasani, ni ushirika wa mali na kazi. Mbia ni mwenye sehemu yake, wala si mwajiriwa. Kanuni za 2016 zikaongeza orodha ya huduma na bidhaa 16 zilizotengwa kwa kampuni za Uganda, zikiwamo usafirishaji, ulinzi, chakula na vinywaji, upimaji wa ardhi, ugavi wa mafuta ya magari, ujenzi na vifaa vya ujenzi vinavyopatikana nchini.

Isome orodha hiyo kwa macho ya mtu wa mashariki. Chakula: nani asiyejua vitunguu, kabichi na karoti zinazoshuka kutoka miteremko ya Mlima Masaba hadi masoko ya Mbale? Vifaa vya ujenzi: viwanda vya chuma vya Jinja vinatengeneza nondo, na hakuna msingi wa kambi wala daraja unaosimama bila nondo. Usafirishaji: barabara ya kutoka mpakani Malaba imewalea madereva na mafundi wa malori kwa vizazi. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayedai kwamba Jinja ingeweza kutengeneza mabomba yenyewe, ya kipenyo cha inchi 24, ambayo yametoka China na kuvikwa tabaka la kuhifadhi joto huko Sojo, Nzega, nchini Tanzania. Tunazungumzia mambo tunayoyaweza, ambayo sheria imetutengea kwa majina.

Basi kasoro iko wapi? Iko katika fasili. Fasili ni maelezo ya maana ya neno, na mwanafunzi wa lugha anajua kwamba anayeshika fasili ndiye anayeshika hoja. Kanuni za 2016 zinaieleza “kampuni ya Uganda” kuwa ni ile iliyosajiliwa nchini, inayoongeza thamani nchini, inayotumia malighafi za hapa, inayoajiri Waganda wasiopungua asilimia 70, na iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Petroli. Soma tena, polepole. Je, umeona mahali palipotajwa kwamba wenye hisa wawe Waganda? Mimi sikupaona. Na asilimia 70 ya wafanyakazi ni rahisi kuitimiza ukiwahesabu walinzi, wapishi, madereva na wafagiaji, hali ofisi yenye kutia sahihi hundi inasemea lugha nyingine.

Ndiyo maana nauliza: asilimia 48 ya nani? Mgeni anaweza kusajili kampuni moja Kampala, akaipa jina la Kiganda au la Kigisu, kisha kampuni yake ya ng’ambo ikaingia ubia na hiyo hiyo aliyoisajili. Karatasi zote zitakuwa safi. Au, na njia hii ni ya zamani katika biashara zote za dunia, atamtafuta mwenyeji mwenye cheo au mwenye ukoo unaofahamika, amwandike kuwa mwanahisa, amlipe kitu kidogo kila mwaka kwa kuazima jina lake. Watanzania wana msamiati mkali kwa mambo ya namna hii: kampuni hewa, kampuni ya mfukoni. Haina karakana wala lori wala fundi. Ina muhuri.

Usidhani kwamba hasara ya mchezo huu inamwangukia yule fundi wa Masese peke yake, aliyekosa zabuni. Inakuangukia wewe pia, hata kama hutafuti zabuni yoyote. Katika mikataba yetu ya kugawana uzalishaji, kampuni za mafuta huruhusiwa kurudisha kwanza gharama zao kutoka katika mafuta yenyewe, kisha ndipo kinachosalia hugawanywa kati yao na serikali. Ada ya yule mwenye jina la kuazima imo ndani ya bei ya mkataba. Bei ya mkataba imo ndani ya gharama. Gharama hukatwa kabla ya fungu la taifa. Kwa hiyo mtu aliyeazimisha jina lake ili tuonekane tumeshiriki, tunamlipa sisi kwa mafuta yetu.

Wapo watakaosema kwamba Hoima iko mbali, na kwamba watu wa mashariki waache mafuta ya magharibi. Kwanza niseme wazi: watu wa Hoima, Kikuube na Buliisa, ambao ardhi yao ndiyo iliyotwaliwa, wanastahili kutangulia mlangoni. Hilo halina mjadala. Lakini hoja ya umbali ni dhaifu, na Jinja yenyewe inaikanusha. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956, shaba ya Kilembe, chini ya Milima ya Ruwenzori, ilisafirishwa kwa treni na kuvuka karibu nchi nzima hadi Jinja, ikayeyushwa hapa. Kwa nini Jinja? Kwa sababu bwawa la Owen Falls lilikuwa limefunguliwa mwaka 1954 na umeme ulikuwapo. Wazee wa mji huu waliofanya kazi katika tanuri lile hawakuwa watu wa Kasese. Wala sisemi kwamba wenye mgodi, kampuni ya Kanada, walifanya hivyo kwa huruma, walifanya hesabu. Ila hesabu yao inatufundisha kwamba madini ya magharibi yaliwahi kuwa ajira ya mashariki pale mtu alipoamua hivyo. Kutoka Mbale hadi Hoima ni zaidi ya kilomita 400, na lori la vitunguu hulifika siku ya pili.

Kikwazo cha kweli kwa mfanyabiashara mdogo ni malipo. Tuseme mama mmoja wa Mbale amepata nafasi ya kupeleka mboga kambini, chini ya mkandarasi mdogo, aliye chini ya mkandarasi mkuu. Anakopa shilingi milioni 50 benki, kwa riba ambayo katika nchi yetu hukaribia asilimia 20 kwa mwaka. Anapeleka mzigo, anatoa ankara, anasubiri. Ikipita miezi sita kabla hajalipwa, riba pekee imefikia milioni 5. Kama faida aliyoitarajia ilikuwa sehemu ya kumi ya mtaji, basi amefanya kazi nusu mwaka kwa ajili ya benki. Mwaka utakaofuata hataomba zabuni, na mtu atasimama mkutanoni aseme kwamba wenyeji hawana uwezo. Uwezo alikuwa nao. Ulimezwa na ankara iliyolala mezani kwa mtu.

Hoja ya “uwezo” na “ubora” inastahili jibu, kwa kuwa wanaoitoa si wote wanafiki. Kuchomelea bomba la mafuta ghafi si kuchomelea geti la nyumba. Kosa dogo huleta msiba. Nakubali kabisa. Na sheria nayo inakubali: ndiyo maana imeweka njia ya ubia kwa kazi zisizopatikana nchini, ili mwenyeji akae karibu na mwenye ujuzi, ajifunze, kesho aifanye mwenyewe. Mbia wa kivuli hajifunzi kitu. Tukiyaacha majina ya kuazima yajaze zile asilimia 48, tutafika mwisho wa ujenzi bila kuwa na mchomeleaji wala mhandisi wala mhasibu mpya aliyetokana na sharti hilo. Nao mwisho huo hauko mbali. Mradi wa mafuta hula watu wengi wakati wa kujenga. Visima vikianza kutoa na bomba likianza kupitisha, huhitaji watu wachache mno.

Hoja nyingine ni ya Jumuiya. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na wapo wanaosema kumpendelea Mganda ni kumbagua Mkenya au Mtanzania. Swali hilo ni zito, na sitalimaliza hapa. Lakini angalia: Tanzania nayo, mwanachama wa Jumuiya hiyo hiyo, iliweka masharti ya kuwapendelea raia wake katika Sheria ya Petroli ya 2015. Na hata tukikubali kumpokea jirani kama ndugu, bado itatupasa kujua kwamba ni jirani, wala si mtu wa mbali aliyevaa koti la jirani. Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Hawakusema mwenyeji aazimishe jina.

Nigeria, iliyoanza kuchimba mafuta miaka mingi kabla yetu na kuumia sana, ilitunga sheria yake mwaka 2010. Iliunda bodi maalumu ya kusimamia jambo hili pekee, yenye makao Yenagoa, katikati ya eneo la mafuta. Inakata asilimia 1 ya thamani ya kila mkataba iwe mfuko wa kuwajenga wakandarasi wa nyumbani, na anayeivunja aweza kutozwa faini ya asilimia 5 ya thamani ya mradi mzima, au kufutiwa mradi. Nigeria si pepo, na udanganyifu wa majina haujaisha huko. Lakini asilimia 5 ya mradi ni fedha ambayo mkurugenzi yeyote, awe Paris au Beijing, ataiona katika hesabu zake na kukosa usingizi.

Sisi tunaweza kuanza na kidogo kuliko hayo, kwa vifaa ambavyo tayari viko mikononi mwetu. Marekebisho ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2022 yanazitaka kampuni ziweke kumbukumbu za wamiliki wao halisi, yaani binadamu wenye damu na nyama walio nyuma ya karatasi, na kumpelekea msajili. Uganda pia ilijiunga mwaka 2020 na mpango wa kimataifa wa uwazi katika sekta ya madini na mafuta, ambao unadai jambo hilo hilo. Mamlaka ya Petroli inayo daftari ya wagavi waliohitimu. Daftari mbili hizi zisomwe pamoja. Kampuni isiyoweza kumtaja mmiliki wake halisi isiingie katika hesabu ya Waganda, na mkataba wake usipewe idhini. Mkandarasi mkuu naye asiidhinishiwe mkataba mpya hadi aonyeshe kwamba wagavi wa mkataba uliotangulia wamelipwa.

Wewe, mwanafunzi, una nafasi katika haya, na si ya kutazama tu. Kati ya zile kilomita 1,443 za bomba, 1,147 ziko Tanzania, ambako fundi, dereva na afisa wa serikali hufanya kazi kwa lugha hii unayoihangaikia. Kiswahili chako ni sifa ya kazi. Kiandike katika wasifu wako bila haya.

Zoezi la wiki hii, basi, ni barua rasmi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 inampa kila raia wa Uganda haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa chombo cha serikali. Mwandikie afisa wa habari wa Mamlaka ya Petroli. Chagua mojawapo ya zile huduma 16, kwa mfano chakula au vifaa vya ujenzi, uombe majina ya kampuni zilizopewa mikataba na majina ya wamiliki wake halisi. Zingatia anwani mbili, kichwa cha habari, na salamu ya heshima isiyo ya kujipendekeza. Iandike kwanza kwa Kiswahili, ambacho Katiba inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, kisha ambatanisha tafsiri ya Kiingereza ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Andika tarehe kwa uangalifu. Afisa ana siku 21 za kukujibu.