Treni ya umeme Goma? Kwanza mutufungulie njia ya miguu na ya bus

Ndugu wanainchi wa Goma, wapapa na wamama, na nyinyi vijana wenzetu wenye mumemaliza masomo na bado munashinda nyumbani,

Siku hizi hapa kwetu Mapendo kuna mabishano. Mumoja wetu alituonyesha picha ya treni ndogo ya umeme ya Addis-Abeba, ile yenye inapita katikati ya muji, mara chini, mara juu ya daraja. Akauliza: «Na sisi, kwa nini tusikuwe nayo?» Wamoja wakashangilia. Wengine wakacheka, wakasema muji wenye watu wanachota mayi ku ziwa na bidomu unataka treni ya nini. Tulibishana mpaka giza. Kisha tukaona haya maneno yanastahili kuandikwa, juu namna mutu anafika kazini, sokoni ao hospitali, ile njo maisha yake.

Tuanze na wale wenye wanaitaka treni, juu hawako wajinga. Wanasema: muangalie umbo la Goma. Kusini kuna ziwa, mashariki kuna mupaka wa Rwanda, kaskazini kuna Nyiragongo. Muji hauna njia ya kupanuka isipokuwa kwenda magharibi: Katindo, Ndosho, Mugunga, mpaka kuelekea Sake. Tuko zaidi ya milioni ya watu, na muji wetu ni murefu na mwembamba kama kamba. Muji wa namna hiyo njo unafaa reli, kwa sababu laini moja tu inaweza kugusa watu wengi. Hoja hiyo ni ya kweli na hatutaki kuificha.

Lakini tulifanya hesabu. Treni ya Addis ilianza kutembea mwezi wa 9 mwaka 2015. Ni laini mbili, karibu kilometa 34, na ilikula dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa deni la China. Ukigawanya, kilometa moja inafika karibu dola milioni 14. Kutoka katikati ya Goma mpaka Sake ni karibu kilometa 25. Kwa bei ile ile, sisi tungehitaji dola milioni 350, mbele hata ya kuhesabu kazi ya kupasua jiwe ya volkeno yenye iko chini ya miguu yetu.

Na kujenga haiko mwisho wa bei. Addis walinunua treni 41. Miaka haikupita mingi, sehemu kubwa zikasimama juu mapiesi ilikosa. Reli iko pale, stesheni ziko pale, abiria wako ku mustari wanangoja, na treni zimelala ku garaji. Deni lenyewe halilale. Inchi yenye serikali yake ilikuwa na nguvu ya kujenga kwa miaka mitatu minne ilishindwa kutunza. Sisi tutatunza na nini?

Kisha kuna umeme. Mutambo wa Matebe, kule Rutshuru, ulianza mwisho wa 2015 na unatoa karibu megawati 13. Umesaidia sana, lakini mpaka leo kuna nyumba za Goma zenye zinawasha mushumaa. Nani ataeleza mama wa Mapendo kwamba treni inapewa moto na yeye anakatiwa?

Na kuna muzee wetu Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka mpaka ziwani, ikafunika katikati ya muji na kipande cha uwanja wa ndege. Tarehe 22 Mei 2021 ilisimama upande wa Buhene, mulangoni kwetu, na siku zenye zilifuata udongo ukatetemeka mpaka barabara zikapasuka. Siku tano kisha, watu wakaambiwa watoke, wengi wakaenda Sake. Wenye walibahatika walipata gari ao moto; wengine walienda kwa miguu, godoro ku kichwa. Barabara ikikatwa na lava, watu wanaisawazisha na moto inazunguka. Reli ikikatwa, imekatwa.

Kwa hiyo sisi tunasema: treni ya umeme, kwa leo, hapana.

Lakini tunakataa pia jibu la wale wenye walicheka. Wao wanasema Goma imezoea moto na magari, iachwe hivyo. Goma gani hiyo yenye magari? Barabara zetu zimefanywa kwa magari, lakini wenye magari ni wachache. Sisi wengine tuko na moto, chukudu na miguu. Asubuhi simama ku barabara ya Ndosho, uhesabu. Utaona jeep moja yenye mutu mumoja ndani, na pembeni yake watu makumi wanatembea ndani ya mavumbi, ku ukingo wa mufereji, juu nafasi ya mwenye miguu haikufikiriwa.

Na moto tusiiseme vibaya bure, wala tusiisifu bure. Inafika kwenye gari haifike. Inalisha familia. Lakini inavunja miguu na inaua, na kila mumoja wetu ana jina moja lenye hawezi kusahau. Tena ni ghali. Tuseme mutu analipa franka 1 000 kwenda na 1 000 kurudi, siku 26 za kazi: ni franka 52 000 kwa mwezi. Kijana mwenye anatafuta kazi atazitoa wapi? Anabaki nyumbani, halafu tunasema vijana ni wavivu. Na kuna nyakati viongozi wamekataza moto kutembea kisha saa kumi na mbili ya mangaribi, kwa sababu ya usalama. Siku ile muji wote unageuka wa miguu, na mama mwenye kutoka sokoni anarudi mbiombio kama mwizi.

Mwenzetu mumoja alimaliza lisansi ya uchumi. Leo ni motari. Alitusikiliza, akauliza: «Mukileta treni ao mabus, mimi mutaniweka wapi?» Hatukuwa na jibu la haraka. Lakini ile swali ndiyo ilituongoza. Mpango wowote wenye hauna nafasi ya motari utakufa ku rond-point ya kwanza.

Tuangalie Dar es Salaam. Kule, Mei 2016, mabus yalianza kutembea ndani ya njia yao wenyewe; sehemu ya kwanza ilikuwa karibu kilometa 21 kwa jumla, na laini yake kubwa inatoka Kimara mpaka Kivukoni. Matatizo yako: mabus hayatoshi, watu wanasongamana. Lakini njia ikikuwa imefunguliwa, bus unaweza kuongeza moja moja, kadiri ya mufuko. Treni haiongezwe moja moja.

Kwa hiyo tunaomba:

1. Ku barabara ya Mugunga–katikati ya muji, bus ipewe njia yake, hata kama tunaanza na kipande kifupi, saa za asubuhi na mangaribi tu.

2. Kila barabara yenye inatengenezwa ikuwe na njia ya miguu na nafasi ya chukudu. Bila hiyo, isipokelewe.

3. Motari wawe ndani ya mpango: waingize watu ku bus kutoka ndani ya mitaa, wapewe mafunzo na kofia, na wasichukuliwe kama adui wa muji.

4. Eneo la kando ya barabara ya Sake lisiuzwe lote. Watoto wetu wakitaka reli siku moja, wasikute manyumba ya gorofa.

5. Kwa sheria ya inchi, ku kila litre ya mafuta kuna sehemu ya FONER, mufuko wa kutunza barabara. Hesabu ya Goma ibandikwe ku meri, kwa lugha yenye wote tunasoma.

Tunajua wamoja watasema: kisha vita yote hii, na nyinyi munaongea bus? Ndiyo. Vita njo ilijaza muji wetu wakimbizi, na wao walitembea kilometa nyingi kutafuta kazi ya siku. Mutu akifika amechoka, kazi imeshapewa mwingine.

Hatuombi muujiza. Tunaomba nafasi ya kupita.

Sisi vijana wa Mapendo, Goma