Mbuzi Hasemi, Kaye Inasema



Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja wa komine Mangobo, hapa Kisangani. Bwana yake yuko kwenye machimbo, upande wa Bafwasende. Mara ya mwisho aliporudi, feza aliyoleta haikuishia kwa nguo na pombe. Alinunua mbuzi wanne, akamwambia bibi yake: "Hawa ndio masomo ya batoto." Alifanya vema. Lakini leo wamebaki watatu. Yule mkubwa, mwenye mimba, amekufa. Mama anauliza: "Tulimupa dawa ya kutosha, tena zaidi. Juu ya nini alikufa?"

Tulisoma barua ile mara mbili. Asubuhi mbuzi alianza kuharisha. Kijana wa nyumba akasaga kinini cha watu, akamnywesha. Saa sita jirani anayejua kushika sindano akampiga sindano moja. Jioni baba mdogo akafika na kinga, akamkuta mbuzi amelala chini, akanunua dawa ileile kwenye soko, akapiga tena. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Na kwa siku mbili mbuzi hakugusa maji. Hakuna aliyeona, kwa sababu kila mtu alifikiri mwingine anaangalia.

Ugonjwa uliomwua hatuwezi kuutaja kwa barua. Lakini jambo moja liko wazi: mbuzi yule alikuwa na waganga watatu, hakuwa na mlezi hata mmoja.

Watu wa hospitali wanafanya namna gani?

Mkilaza mtoto hospitalini, infirmie wa usiku hamalizi kazi na kwenda zake hivi hivi. Anaacha fishi. Imeandikwa joto ya mtoto, dawa aliyopewa, saa, kama alikojoa, kama alitapika. Yule wa asubuhi anasoma kwanza, ndipo anagusa mgonjwa. Fishi ile si karatasi ya serikali tu. Ni mdomo wa mgonjwa asiyeweza kusema.

Tena infirmie haangalii ugonjwa peke yake. Wale waliosoma kwenye ITM au ISTM wanajua jina la Virginia Henderson, mama wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1897 na kufariki mwaka 1996. Alifundisha kwamba mtu ana mahitaji 14: kupumua, kula na kunywa, kwenda choo, kulala, kuwa safi, na mengine, hata kusali na kufanya kazi. Mganga anatafuta jina la ugonjwa. Muuguzi anauliza: katika mahitaji haya, mgonjwa wangu ameshindwa lipi, na mimi nitamsaidia namna gani mpaka aweze tena mwenyewe? Kule Edinburgh, mwaka 1980, wauguzi watatu, Roper, Logan na Tierney, walitoa mpango unaofanana na huo, wa kazi 12 za maisha ya kila siku.

Na nyama je?

Huko Uingereza mafunzo ya wauguzi wa nyama yalianza mwaka 1961. Mwanzoni waliitwa wasaidizi tu, kwa kuwa jina la muuguzi lilikuwa la wale wanaotunza watu. Waliruhusiwa kuitwa wauguzi mwaka 1984. Walijaribu kutumia mipango ya hospitali ya watu, lakini haikuwakaa sawa. Mbuzi hasali, havai nguo, na ukimuuliza anaumwa wapi hajibu. Basi mwaka 2007 waalimu wawili, Hilary Orpet na Andrea Jeffery, walitengeneza mpango wa nyama wenyewe. Ni maulizo kumi. Je, nyama huyu anaweza:

1. kula ya kutosha?
2. kunywa ya kutosha?
3. kukojoa vizuri?
4. kupata choo vizuri?
5. kupumua vizuri?
6. kulinda joto ya mwili wake?
7. kujisafisha?
8. kusimama na kutembea?
9. kulala na kupumzika?
10. kufuata tabia yake ya kila siku?

Neno la kushika hapa ni "yake". Mbuzi mmoja siku zote ni wa kwanza mlangoni. Mwingine siku zote ni wa nyuma. Yule wa kwanza akibaki nyuma leo, hiyo ni habari. Veterinere anayefika kwako leo hawezi kuijua habari hiyo. Unaijua wewe mama, na mtoto anayewafunga jioni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni yako: ujue mifugo wako wakiwa wazima, ili uone siku wanapobadilika.

Hatua tano

Chukua kaye moja na biki. Kila nyama awe na ukurasa wake. Akiugua, fuata hatua hizi.

*Kuangalia.* Pitia maulizo kumi, andika jibu la kila moja. Pima unachoweza kupima. Joto ya mbuzi mzima ni kama 38,5 mpaka 39,5, inapimwa nyuma, na kipimo kiwe cha nyama, si kile cha watoto. Akiwa ametulia anapumua mara 15 mpaka 30 kwa dakika. Weka mkono kwenye ubavu wa kushoto: tumbo lake kubwa linapaswa kusukuma mkono wako mara moja au mbili kwa dakika. Vuta ngozi ya shingo kwa vidole na kuiachia: ikirudi polepole, amepoteza maji mengi.

*Kutaja shida.* Usiandike jina la ugonjwa, hiyo ni kazi ya veterinere. Andika shida unayoiona: "Anaharisha, hanywi." Chini yake andika shida inayoweza kufika kesho: "Atakauka. Inzi watataga mayai nyuma yake. Hatakuwa na nguvu ya kusimama."

*Kupanga.* Andika unachotaka kuona, na lini. "Apone" haitoshi. Andika: "Kesho saa moja asubuhi awe anakunywa mwenyewe, na ngozi irudi mbio."

*Kutenda.* Andika nani anafanya nini, saa ngapi. Kwa mfano: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyojaa kupita kiasi, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kijana atamnywesha kikombe kimoja kila saa mbili, polepole, kichwa kisiinuliwe juu sana, maji yasiingie kwenye mapafu. Kama hawezi kumeza, usimlazimishe. Dada atamwosha nyuma kwa maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, na kubadilisha majani ya kulalia. Mama atamtenga na wenzake. Kila mtu akimaliza, anaandika saa na jina lake.

*Kuangalia tena.* Saa uliyoandika ikifika, rudia maulizo. Ikiwa ulichotaka kimefika, vizuri. Ikiwa hakikufika, badilisha mpango au tafuta msaada, usirudie jambo lile lile kwa matumaini tu.

Angalieni namna kaye ile ingalisaidia Mangobo. Baba mdogo angaliifungua na kusoma: "Saa 6, sindano." Mkono wake ungalirudi nyuma. Angalisoma tena: "Maji: hakuna, tangu jana." Angalipeleka mtoto kwenye ndoo, si kwenye soko la dawa.

Tusijidanganye

Kaye haiponyeshi kila ugonjwa. Mbuzi anayeharisha na tena ana makamasi, macho yenye uchafu na vidonda mdomoni, pengine ana pesti ya mbuzi na kondoo, ile iliyoua mbuzi wengi katika inchi yetu mwaka 2012. Mtenge mara moja, usimpeleke sokoni, ita watu wa ofisi ya ufugaji. Wazima wanaweza kuchanjwa. Kwa pesti ya nguruwe ya Afrika hakuna dawa. Hapo mpango wa ulezi unageuka kuwa mpango wa kulinda: usiuze nyama yake, usiwape nguruwe wengine mabaki, usitembee kutoka banda hili mpaka lile na viatu vile vile. Ugonjwa ule hauingii ndani ya watu, lakini unaweza kumaliza nguruwe wa kartie nzima. Na nyama yeyote, mbwa au mbuzi, aliyebadilika tabia na kutoa mate mengi, usitie mkono wako mdomoni mwake. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa, nao unaua watu.

Maneno mawili juu ya dawa. Kinini cha watu ukimnywesha mbuzi mkubwa kinaweza kuua vijidudu vizuri vinavyomsaidia kusaga majani tumboni, naye akaacha kula kabisa. Na nyama aliyepigwa sindano asichinjwe kesho yake "ili tusipoteze". Dawa imo ndani ya nyama na maziwa, itaingia kwa watoto. Chupa inaonyesha siku za kungojea. Ziandike kwenye kaye, kwa sababu siku ya hasara kila mtu anasahau.

"Kaye ya mbuzi?"

Tunajua wengine watacheka. Baba mmoja alituambia usoni: "Kaye ya mutoto yenyewe haiko, nitanunua ya mbuzi?" Hatumlaumu, anasema taabu yake. Lakini yule mama wa Mangobo alipopoteza mbuzi mmoja mwenye mimba, alipoteza kaye ngapi za watoto? Tena haihitaji kaye mpya. Kurasa za nyuma za ile ya mwaka jana zinatosha. Asiyejua kusoma anaweza kuchora: kikombe kwa maji, sindano kwa dawa, alama moja kwa kila mara.

Tukumbuke pia kwamba masomo ya waganga wa nyama katika inchi yetu yako mbali. Chuo kikuu cha Lubumbashi ndicho kinachojulikana kwa kazi hiyo, na kutoka Tshopo mpaka Lubumbashi si safari ya siku moja. Kwenye machimbo, veterinere anaweza kufika mara moja kwa miezi mingi. Siku anapofika, jamaa yenye kaye inamwonyesha mambo ya siku tatu, saa kwa saa. Jamaa isiyo na kaye inamwambia: "Iko nagonjwa tu." Mwenye akili ile ile na dawa zile zile atasaidia jamaa ipi vizuri zaidi?

Kwako mama wa Mangobo: usijilaumu kupita kiasi, wala usimlaumu baba mdogo. Wote walitoa mkono kwa mapendo. Kilichokosekana ni mahali pa kukutanisha mapendo yale. Umebaki na mbuzi watatu. Leo jioni, wakiwa wazima, kaa na watoto karibu ya banda, na kila mmoja aseme anachojua juu ya kila mbuzi: anakula nini kwanza, analala wapi, analia namna gani. Andikeni. Bwana yako atakaporudi kutoka Bafwasende, msomee.

Mungu aliyetukabizi nyama hawa awabariki ninyi na mazizi yenu. Tuonane mwezi ujao.

Maulizo ya kuzungumzia katika jamaa na katika shirika

1. Kwetu, nyama akiugua, nani anaamua apewe dawa gani? Wengine wanajuaje?
2. Taja mfugo mmoja wa nyumba yako. Tabia yake ya kila siku ni ipi?
3. Katika shirika letu, nani anaweza kuwafundisha wengine kupima joto na kuandika kaye?