Bi Harusi Si Jiko
Jiko ni neno la heshima nyumbani: ni mafiga matatu, ni seredani ya mkaa, ni chumba chenyewe cha kupikia. Lakini kijana akioa, kuanzia kwetu visiwani hadi Nyakanazi, njia panda ya Kigoma na Rwanda, wenzake humpongeza: "Umepata jiko!" Ni utani, ila bi harusi anausikia hata hina haijafifia. Mbele ya shekhe ulitajwa kwa jina lako na mahari yako, si kwa mapishi. Na Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa akiwahudumia watu wake. Pika kwa mapenzi, dada. Lakini mwambie mumeo mapema: jiko ni letu sote, mimi ni mkeo.